Kuishi na pumu hapa Moshi: ya kufanya nje ya dawa, kuanzia kitandani hadi jikoni

Mtu akiniuliza dawa ya asili ya pumu, mara nyingi anategemea nimtajie kitu cha kunywa: jani, mzizi, unga wa kuchanganya na asali. Mimi huanza na maswali. Unalalia godoro gani? Mto wako umejazwa nini? Jiko liko wapi, na moshi wake unaelekea chumba gani? Ukiwa umekaa tu, unapumua kwa pua au kwa mdomo? Pumu ni ugonjwa wa njia za hewa, kwa hiyo msaada mkubwa usio wa dawa umo katika hewa unayovuta na namna unavyoivuta. Vya kunywa vina nafasi ndogo, nitavifikia.

Mimi ni fundi cherehani. Nina pumu tangu utotoni kule Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, na binti yangu wa pili anayo pia, maana mwelekeo wa ugonjwa huu huenda kwa ukoo. Mazoezi ya kupumua nilifundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia hospitalini. Haya mengine nayafanya nyumbani kwangu Pasua na kwenye baraza ninaposhonea.

Kwanza tuelewane kuhusu pampu, kile kifaa cha kuvutia dawa kwa mdomo. Katika pumu, utando wa ndani ya mirija ya mapafu umevimba hata siku ambayo hujabanwa. Vumbi, moshi au baridi vikiugusa, misuli inayozunguka mirija inakaza, makohozi yanaongezeka, na hewa inapita kwa shida, hasa inapotoka. Ndiyo ile filimbi unayoisikia kifuani. Pampu ya bluu inalegeza misuli kwa saa chache. Uvimbe wenyewe unatulizwa na pampu ya kuzuia, ile yenye steroidi kidogo, ambayo daktari akikuandikia ya kila siku unaivuta kila siku, hata ukijisikia mzima. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu hautaki tena mtu mzima au kijana atibiwe kwa ya bluu peke yake. Nalisema mapema kwa sababu mitaani kwetu wapo wanaoikimbia pampu. Wanasema ukianza huachi, inazoesha mwili, ni ya mtu aliyekwisha. Si kweli. Ukiona unaihitaji ya bluu kila mara, ujue uvimbe haujatulia, rudi kliniki. Mambo ninayoyaeleza hapa yanaenda sambamba na pampu. Yakikusaidia sana, daktari ndiye atakayepunguza dawa, polepole, huku anakupima.

Hakikisha pia kwamba ni pumu kweli. Kikohozi kikipita wiki mbili, kukawa na homa, jasho la usiku na kupungua uzito, kapime kifua kikuu kabla ya kuhangaika na mito na magodoro.

Daftari kwanza

Nunua daftari dogo la shule. Kila unapobanwa, andika saa, ulipokuwa, ulichokuwa unafanya, hali ya hewa, na kama uliamka usiku. Fanya hivyo kwa wiki kadhaa mfululizo. Vichochezi havifanani kwa watu wawili hata ndani ya nyumba moja. Mimi vumbi la pamba na baridi ya asubuhi vinanimaliza. Binti yangu anaweza kukaa barazani kwangu siku nzima salama, lakini akilala kwa bibi yake, chumba chenye unyevu ukutani, ataamka kifua kinapiga filimbi.

Huku kwetu daftari litaanza kufuata majira. Januari na Februari ni vumbi. Masika, Machi hadi Mei, ukuta unavuta maji na kuvu inaota nyuma ya kabati. Juni hadi Agosti ukungu unakaa Arusha hadi karibu adhuhuri, watu wanafunga madirisha na kuingiza jiko la mkaa ndani ili wapate joto. Miezi hiyohiyo mahindi yanapukuchuliwa na vumbi lake linaingia kila mahali. Jakaranda za Arusha zikichanua, Oktoba na Novemba, watu huzilaumu kwa mafua na vifua. Mimi nawaambia watazame nyasi. Chavua ya jakaranda husambazwa zaidi na wadudu. Nyasi ndizo zinazorusha yake kwenye upepo.

Ukiweza, pata kile kifaa cha plastiki cha kupimia nguvu ya pumzi, piki flo mita. Simama wima, vuta hewa ujaze kifua, puliza kwa nguvu mara moja. Rudia mara tatu, andika namba kubwa. Ukiwa mzima kabisa kwa wiki mbili utapata namba yako bora. Baadaye ukiona imebaki asilimia 80 au zaidi ya hiyo, uko vizuri. Kati ya 50 na 79 ni tahadhari: fuata maelekezo ya daktari wako ya siku mbaya. Chini ya 50 ni hospitali. Uzuri wake ni kwamba namba hushuka mapema, wakati mwingine kabla hujasikia chochote kifuani.

Chumba cha kulala, hasa godoro na mto

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mtu hulala theluthi ya maisha yake na pumu hupenda usiku.

Ndani ya godoro, mito na mablanketi kuna wadudu wadogo jamii ya utitiri, wasioonekana kwa macho. Hawaumi. Wanakula magamba ya ngozi yetu, na kinyesi chao ndicho kinachowasha njia za hewa za mwenye aleji. Wanapenda joto na unyevu. Ndiyo maana chumba kikavu, chenye jua na upepo, ni tiba kuliko vitu vingi vinavyouzwa kwenye chupa.

Anza na mto wa sufi. Najua wengi tumelelewa nao, na unatengenezwa hapahapa. Lakini sufi ikizeeka inavunjika na kutoa unga, na ule unga unatoka kila unapogeuza kichwa. Mwenye pumu alalie mto wa sponji au nyuzi unaofulika, na ubadilishwe ukichoka. Godoro la sufi au la majani nalo liondoke chumbani kwake.

Godoro la sponji lifunike lote, juu, chini na pembeni, kwa mfuko wenye zipu. Yapo ya kununua, lakini unaweza kushonewa na fundi yeyote kwa maelekezo haya. Kitambaa kiwe kimefumwa kwa kubana: kinyanyue kwenye mwanga, ukiona nukta za mwanga zinapenya, kirudishe. Tetroni nzito inafaa. Nailoni tupu inatoa jasho, mtoto ataitupa chini usiku. Kitumbukize kwanza kwenye maji ya moto kisinyae kabla hujakata. Kwa kitanda cha futi tatu na nusu kwa sita, godoro la inchi sita, kata vipande viwili vya inchi 44 kwa 74, kimoja cha juu na kimoja cha chini, kisha ukanda wa pembeni wenye upana wa inchi nane unaozunguka godoro lote. Kitambaa cha upana wa inchi 60, mita nne zinatosha, na ukanda unatoka kwenye yale mabaki ya pembeni. Zipu nunua ile inayokatwa kwa mita, mita tatu, uishone upande mmoja mrefu na mmoja mfupi ili godoro liingie bila kukunjwa. Mshono piga mara mbili, na juu ya zipu weka ulimi wa kitambaa, kwa sababu vumbi hutokea kwenye meno ya zipu kuliko mahali pengine. Mto nao ufunikwe hivyo, kisha juu yake foronya ya kawaida.

Nisikudanganye: tafiti zimeonyesha kwamba kufunika godoro peke yake hakuleti nafuu kubwa kwa watu wazima. Lazima kuende pamoja na mengine. Mashuka na foronya vifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi joto 60 hivi. Huhitaji kipimajoto: maji yanayochemka ukiyachanganya na kiasi hichohicho cha maji ya bomba unakaribia hapo. Geuza nguo kwa mti, usitie mkono, na watoto wakae mbali na beseni. Blanketi zito badala yake tumia linaloweza kufuliwa. Midoli ya manyoya ibaki mmoja anaoupenda, ufuliwe, au uwekwe kwenye friza usiku na mchana mzima kisha ufuliwe. Kapeti na mapazia mazito yatoke. Sakafu ya saruji au marumaru inayodekiwa ni bora. Usifagie kavu. Nyunyizia maji kwanza au pitisha dekio bichi. Siku ya kutoa magodoro nje juani, mwenye pumu asiwe ndiye anayeyapiga fimbo. Atoke, arudi vumbi likishatulia.

Mende ni kichochezi ambacho watu hawakitaji kabisa. Vipande vyao na kinyesi vinaingia kwenye vumbi la nyumba. Funika chakula, osha vyombo usiku, ziba nyufa, tumia mitego au dawa ya kupaka kwenye pembe. Ya kupuliza inaua mende na inambana mgonjwa.

Halafu dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mduara. Utafiti uliochapishwa 2003 ulikuta kwamba koili moja ikiungua hadi mwisho hutoa chembechembe laini za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Moja. Ndani ya chumba kilichofungwa, mtoto amelala. Chandarua chenye dawa kinazuia malaria vizuri kuliko koili na hakina moshi. Udi na ubani navyo, kwa heshima zote kwa wanaovipenda, visichomwe nyumba anayolala mwenye pumu.

Jiko

Jiko la kuni la kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, ndilo lililonilea, na nikienda nyumbani Kibosho bado nakaa mlangoni, siingii ndani. Moshi wa kuni na mkaa ni kichochezi kikubwa kuliko vyote katika nyumba zetu, na wanaoumia ni mama na mtoto aliyebebwa mgongoni. Kama kuna uwezo wa gesi, anza na gesi kwa vyakula vya haraka, maharage na makande yakaendelea na kuni nje. Gesi nayo ina mvuke wake, kwa hiyo dirisha liwe wazi. Kama ni kuni tu, ziwe kavu kabisa, jiko liwe na bomba la kutolea moshi au liwe banda lililo wazi pande mbili, na aliye na pumu apike kidogo kadiri inavyowezekana. Mtoto asikae mgongoni wakati wa kupuliza moto. Hili waambie hata wakwe, kwa adabu, lakini waambie.

Jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba, hata Julai. Hapo si pumu tu. Hewa ya mkaa huua watu wakiwa usingizini, wazima kwa wagonjwa. Kama baridi ni kali, vaa soksi na sweta, jaza chupa maji ya moto uifunge kitambaa na uiweke miguuni.

Sigara sitazungumza sana. Mvutaji ndani ya nyumba ya mwenye pumu avutie nje, mbali na dirisha, na abadilishe shati kabla hajambeba mtoto.

Kazini

Wapo ambao nyumba zao ni safi na bado wanabanwa, na daftari linaonyesha Jumapili wako vizuri. Hao watazame kazi. Unga wa bekari, vumbi la mbao, dawa za saluni, maganda ya kahawa kiwandani, mabelo ya mitumba pale soko la Memorial yanapofunguliwa: yote haya huamsha pumu, na mengine huweza kuianzisha kwa mtu ambaye hakuwa nayo. Mimi nakaa upande upepo unakotoka, meza ya kukatia nimeisogeza nje, barakoa navaa ninapokata flaneli, na nguo za mtumba za kurekebisha huwa nawaomba wateja wazilete zimefuliwa. Wanaelewa.

Mazoezi ya kupumua

Wengi wetu tukishazoea kubanwa tunajifunza kupumua vibaya: haraka, kwa mdomo, kwa mabega, tukivuta hewa mpya kabla ya zamani haijatoka. Kifua kinajaa hewa iliyokwama na mtu anahisi anakosa hewa, kumbe amejaa. Mazoezi yanarekebisha hilo. Hayaondoi uvimbe wa mirija, na vipimo vya mapafu hayavibadilishi sana, lakini yanapunguza dalili na ile hofu ambayo yenyewe hubana. Yafanye ukiwa mzima, asubuhi na jioni, dakika kumi hivi, ili mwili uyajue kabla ya siku ya shida.

La kwanza ni tumbo. Keti kwenye kiti kisicho na mikono, mgongo wima, mabega yaanguke. Mkono mmoja kifuani, mwingine juu ya kitovu. Funga mdomo, vuta hewa taratibu kwa pua mpaka mkono wa tumboni usogee mbele. Wa kifuani usisogee, au usogee kidogo tu. Mwanzoni utashindwa. Jaribu ukiwa umelala chali, magoti yamekunjwa, daftari limewekwa juu ya tumbo. Litazame likipanda na kushuka.

La pili ni kutoa hewa. Ukishavuta kwa pua kwa hesabu ya mbili, kunja midomo kama mtu anayepoza uji na utoe kwa hesabu ya nne, bila kusukuma. Hewa itoke yenyewe. Midomo iliyobana inaweka msukumo kidogo ndani ya mirija, isijifunge mapema, na hewa iliyokwama inapata njia. Hili ndilo zoezi ninalolitumia nikipanda ngazi, nikibeba maji, na nikiwa nimeshapuliza pampu nasubiri ifanye kazi.

La tatu ni la kupunguza pumzi. Konstantin Buteyko, daktari wa enzi ya Kisovieti, alianza kulifundisha miaka ya 1950. Mawazo yake yote kuhusu chanzo cha pumu hayajathibitishwa, na wapo wanaoyauza kwa ahadi kubwa kupita kiasi, lakini kiini cha mazoezi yake kina faida: pumua kwa pua, kidogo, kwa utulivu. Keti kimya, pumua kwa pua kwa ulaini hadi iwe kama husikii hewa ikipita. Baada ya kutoa hewa kawaida, tulia bila kuvuta kwa sekunde chache, halafu endelea kupumua taratibu kwa pua. Usishindane na saa. Ukijikuta unavuta kwa pupa baada ya kutulia, umezidisha, punguza. Mwenye mimba, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo asifanye ya kushikilia pumzi bila kuuliza daktari.

Pua ikiziba, hakuna kitakachofanikiwa. Suuza kwa maji ya chumvi: maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi safi, tone kwa tone au kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ukiinama. Yasiwe maji ya bomba mabichi.

Naimba kwaya kanisani, sauti ya pili, na kwangu hilo ni zoezi pia. Kuimba kunakulazimisha uvute haraka kwa tumbo na utoe polepole hadi mwisho wa mstari. Mwalimu wetu anajua nikiinua kidole napumzika ubeti mmoja.

Mwili na chakula

Kutembea ni dawa, ilimradi upashe mwili kwanza. Tembea taratibu dakika kumi au kumi na tano kabla ya kuongeza mwendo, na kama unaamka alfajiri Julai funga skafu puani, hewa ipite ikiwa na joto. Kama daktari amekuagiza pulizo kabla ya mazoezi, lipulize. Mtoto mwenye pumu asizuiwe kucheza mpira. Mwalimu ajue pampu yake iko wapi, na isiwe imefungiwa ofisini.

Mwenye uzito mkubwa akipunguza hata asilimia tano hadi kumi anaona tofauti kifuani. Mboga na matunda kila siku. Sisi wa mlimani hatuna kisingizio. Chakula cha usiku kiishe saa mbili au tatu kabla ya kulala, hasa kwa mwenye kiungulia, maana asidi ikipanda inaamsha kikohozi. Inua kichwa cha kitanda kwa matofali. Pombe kwa baadhi yetu inabana, mbege ikiwamo. Daftari litakuambia.

Halafu dawa za maumivu. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huwabana baadhi ya watu wazima wenye pumu, wakati mwingine vibaya sana. Ukinunua dawa ya mgongo au ya jino duka la dawa, sema kwanza: nina pumu.

Vya kunywa, na vya kukataa

Siyadharau majani. Mwaka 1888 Albrecht Kossel, Mjerumani, alitenga teofilini kutoka majani ya chai, na baadaye ikawa dawa ya pumu iliyotumika dunia nzima. Kahawa yetu ina kafeini, ndugu wa karibu wa teofilini. Inalegeza mirija kidogo, kwa saa mbili hadi nne. Henry Hyde Salter, daktari Mwingereza wa karne ya 19 aliyekuwa na pumu yeye mwenyewe, aliisifia kahawa nzito. Kwa hiyo ukiwa safarini, pampu imesahaulika nyumbani, kikombe au viwili vya kahawa nzito ni afadhali kuliko kukaa bure wakati unatafuta msaada. Hicho ndicho kipimo chake. Na usinywe kabla ya kwenda kupimwa mapafu, itaharibu majibu.

Tangawizi na asali vinatuliza koo, navipenda, lakini havitibu pumu. Asali isipewe mtoto chini ya mwaka mmoja. Habasoda imejaribiwa katika majaribio madogo yenye matumaini. Kijiko chake kwenye chakula hakina neno, ila kisikufanye uache pampu. Kitunguu saumu ni mboga.

Nyungu siipendekezi. Mvuke mkali, mkaratusi ndani yake, umefunikwa blanketi: kwa mwenye pumu harufu kali hiyo inaweza kubana palepale, na maji ya moto yameunguza watoto wengi. Mafuta ya taa yasinywewe wala kupakwa puani kwa sababu yoyote. Yakiingia mapafuni yanaleta nimonia mbaya. Mranaha, ambao wazee walichoma majani yake na kuvuta moshi, unalegeza mirija kweli, na ndani ya jani hilohilo kuna sumu inayoleta kuchanganyikiwa, mapigo ya moyo kwenda mbio, hata kifo. Jani moja halilingani na lingine kwa nguvu. Achana nao.

Kimeo. Hapa naomba mnisikilize, akina mama wenzangu. Mtoto akikohoa kwa muda mrefu, kuna watu watakuambia kimeo kimerefuka, apelekwe kukatwa. Kimeo hakisababishi pumu wala kikohozi cha pumu. Kukikata kwa kisu cha mtaani kumeleta kutokwa damu, maambukizi, pepopunda, na vifo. Mtoto apelekwe kliniki akasikilizwe kifua.

Na ule unga usio na jina, kwenye kimfuko cha plastiki, unaoleta nafuu ya ajabu kwa siku mbili. Nafuu ya namna hiyo inanitia shaka. Dawa za asili zimewahi kukutwa katika nchi mbalimbali zimechanganywa steroidi za vidonge kimyakimya. Ukizinywa miezi, uso unavimba, mifupa inadhoofu, sukari inapanda, na ukiacha ghafla unaweza kuzimia. Mganga mkweli hataona vibaya ukimwomba cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Chochote unachokunywa, kibebe kliniki umwonyeshe daktari.

Chupa ya maji na siku ya shida

Pampu ikipulizwa moja kwa moja mdomoni, dawa nyingi inabaki kooni. Inahitaji chemba ya kushikilia dawa. Ya duka ina bei, lakini mwaka 1999 madaktari wa watoto wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita inafanya kazi vizuri kama ile ya duka. Chukua chupa safi. Chora kwenye kitako chake umbo la mdomo wa pampu, toboa kwa waya uliopashwa moto, pampu iingie kwa kubana, ziba pembeni kwa gundi. Osha kwa maji ya sabuni, acha ikauke yenyewe bila kufutwa, kisha puliza dawa mara chache ndani yake kabla ya kuitumia. Mgonjwa anashika mdomo wa chupa kwa midomo yake, unapuliza mara moja, anavuta taratibu mara nne au tano. Kisha pulizo jingine. Baada ya pampu ya kuzuia, asukutue mdomo na kutema.

Siku akibanwa, mkalishe wima, ainame kidogo mbele, nguo zilegezwe, watu wasimzunguke. Ya bluu kwa chupa, pulizo moja moja, kuanzia manne hadi kumi. Midomo ikunjwe, hewa itolewe polepole. Usingoje wala usijaribu kahawa, maombi kwanza au mazoezi mengine ukiona haya: hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani akivuta hewa, midomo au kucha zinageuka bluu, anasinzia, filimbi imenyamaza ghafla lakini bado anahangaika, au nafuu ya pampu haidumu kwa muda wa saa nne. Hapo ni hospitali: Mawenzi, KCMC, au Mount Meru kwa walio Arusha, yoyote iliyo karibu. Tafuta gari au bajaji; bodaboda akiwa peke yake nyuma ya dereva ni hatari, anaweza kuzimia njiani. Njiani endelea kumpa pulizo nne hadi kumi kila baada ya dakika ishirini, na daftari lije naye.